Barua kwa mwanangu: ule mkono wa chuma ulioniuliza

Malindi, Jumapili usiku

Mwanangu,

Assalaam aleikum. Ujumbe wako ulinikuta Alhamisi nikiwa juu ya ngazi, nikausoma tena usiku nilipotulia. Umesema kiwanda unachofanyia mafunzo huko Mombasa kina mkono wa chuma, yaani roboti, unaochomelea fremu za vitanda, moja baada ya nyingine, na mshono wake umenyooka kama uliopigiwa rula. Ukaniuliza: "Baba, nimalize kozi ya kuchomelea, au nihamie umeme mapema kabla mashine hazijatumaliza?" Sikukujibu kwa simu kwa sababu swali hili nimelibeba mwenyewe kwa miaka.

Maliza kozi. Hilo nalitanguliza ili usisome barua yote moyo ukidunda.

Unaukumbuka mtungi wa gesi wa kilo 6 jikoni kwa mama yako? Kiunoni una mshono mmoja unaouzunguka wote. Hakuna fundi aliyeuchuchumalia. Bakuli mbili za chuma hubanwa pamoja, zikazungushwa polepole, na tochi ya kuchomelea ikakaa palepale juu yake bila kutikisika. Umekua ukiutazama mshono wa mashine kila siku, na bado mimi nilikulisha kwa rodi, ile fimbo ya kuchomelea kwa mkono. Vitu hivi viwili vimeishi nyumba moja muda mrefu.

Ukishika rodi, mkono wako una kazi nyingi kwa pamoja. Unaishusha kadiri inavyoliwa ili tao, ule umeme unaoruka kati ya rodi na chuma, lisirefuke, unaisogeza mbele, unailaza kwa pembe yake, na jicho halitoki kwenye lile dimbwi dogo la chuma kinachochemka. Waliobuni mashine waliupunguzia mkono mizigo hiyo mmoja mmoja. Mwaka 1920 huko Marekani, P. O. Nobel wa kampuni ya General Electric alitengeneza mashine iliyolisha waya yenyewe: ilikuwa inapima volti za tao, na tao likirefuka, waya unaharakishwa. Walianza kuitumia kujazia shafti za mota na magurudumu ya kreni yaliyolika. Miaka ya 1930 tao likafukiwa chini ya unga wa kulikinga, mashine ikitembea yenyewe juu ya mshono. Wasovieti waliunga vifaru kwa njia hiyo wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kwa kazi ya Evgeny Paton, na mwaka 1953 mji wa Kyiv ukafungua daraja refu lililochomelewa lote, linaloitwa kwa jina lake hadi leo. Roboti ilikuja nyuma ya hayo yote. Ile ya kwanza kiwandani, Unimate, ilianza kazi General Motors mwaka 1961, na ilikuwa inatoa vyuma vya moto kwenye kalibu tu. Kufuata mshono kwa tao kulisubiri miaka ya 1970, ilipopatikana mikono inayoendeshwa kwa mota za umeme na kompyuta ndogo.

Kuna jambo moja kwenye mashine za waya ambalo kila nikilifikiria nasema Subhanallah. Waya unakuja kwa kasi ileile, na mashine inashikilia volti zilezile. Ukisogeza tochi karibu, tao linafupika, ampia, yaani wingi wa umeme unaopita, zinapanda, waya unaungua haraka zaidi, na tao linarudi urefu wake. Ukiivuta mbali, ampia zinashuka, waya unaungua polepole, unafika tena pale pale. Hakuna aliyeuamuru. Umeme unajisawazisha kama maji kwenye mtungi ulioinamishwa. Bila hilo roboti isingeweza kuchomelea hata bawaba.

Roboti yako pengine haioni kitu. Nyingine zina kamera za leza, na nyingine hupapasa. Kabla ya kuwasha tao, waya wenye volti kidogo huguswa kwenye bamba ili mkono ujue chuma kilipo. Ikishaanza, tochi huyumba kulia na kushoto ndani ya mfereji. Ikikaribia ukuta mmoja ampia hupanda, basi inalinganisha pande mbili na kujirudisha katikati. Ni kama kipofu anayepita uchochoro wa Lamu kwa fimbo, anagonga ukuta huu, anagonga ule, na anafika msikitini bila kukwaruzika.

Lakini mwambie kipofu huyo kwamba ukuta umebomolewa jana. Hapo ndipo penye jibu lako.

Babu yako Matondoni akikuta mwanya kati ya mbao mbili za mashua, alikuwa anatia kalafati, na mashua inakwenda baharini. Sisi nasi tuna kalafati yetu: mwanya ukifunguka unapunguza moto, unapiga nukta nukta, unajaza ukingo mmoja kisha mwingine. Roboti ya kawaida haina kalafati. Waya wake wa milimita 1.2 ukikosa mstari kwa zaidi ya nusu ya unene wake, yaani kama milimita 0.6, mshono unakaa upande, na yenyewe itaendelea kwa uso uleule kuharibu vipande mia. Ndiyo maana huko kiwandani bomba hukatwa kwa vipimo vikali, hubanwa kwenye fremu za kushikia, na meza hugeuzwa ili kila mshono ulale chini, chuma kisitiririke. Ugumu wa kazi umehama, umetangulia mbele ya tao. Nenda kamtafute anayezipanga zile fremu za kushikia. Muulize kwa nini bano hili liko hapa na si pale. Nina hakika atakuwa mtu aliyechomelea kwa mkono miaka mingi, kwa sababu lazima ajue chuma kitavutika upande gani kikipoa.

Hapa kwetu wiki hii nimepata geti la Shela lililokatika bawaba, lori la chumvi kutoka Marereni lililooza sakafu, na kiti cha injini ya boti. Kuipangia roboti lori lile kungechukua muda mrefu kuliko kulitengeneza. Na upepo je? Mwaka ule niliponunua mashine ya waya, nilichomelea nje stendi ya tangi wakati wa kusi. Upepo ukaipeperusha gesi inayokinga dimbwi, na nilipokata mshono kwa grenda, ndani ulikuwa na matundu kama mkate wa kumimina. Tangi lilikuwa la maji ya familia yenye watoto. Niliikata stendi yote, nikairudia kwa rodi, na hasara nikaibeba. Kwa hiyo usidhani nakwambia umalize kwa sababu Malindi kumesimama. Nakwambia kwa sababu mashine inahitaji mtu anayejua mshono mbaya unavyofichika chini ya sura nzuri.

Nikuambie na lile ambalo mama yako hapendi niliseme. Mwaka 2017 wataalamu wa Shirika la Utafiti wa Saratani la kimataifa walikutana wakauweka moshi wa kuchomelea kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, pamoja na miale ya tao. Mimi nimechomelea mabomba ya zinki ndani ya vyumba vilivyofungwa, nikalala na homa na kutetemeka, asubuhi nikanywa maziwa kama tulivyofundishwa kwamba yanasafisha kifua. Maziwa hayaendi mapafuni, mwanangu. Yanakwenda tumboni. Hakuna aliyetuambia, na wenzangu wawili niliowapenda sasa hawawezi kupanda ngazi ya ghorofa moja.

Kwa hiyo mkono ule wa chuma, mimi siuchukii. Fremu za vitanda, elfu moja zinazofanana, acha zivutiwe moshi na mkono usio na mapafu. Wewe simama nje ya uzio wake, ushike kile kibao cha kuufundishia, na ujue ncha ya shaba inayopitisha waya ikilika tundu lake linapanuka na waya unaanza kutangatanga, kwa hiyo ibadilishe mapema. Omba wakuweke hapo wiki ulizobakiza. Wakikataa, omba tena. Huo umeme unaoutaka usome baadaye, juu ya cheti hiki. Utakusaidia zaidi ukiwa tayari unajua unachoutuma ukafanye.

Ukija likizo niletee vipande viwili vya bamba la milimita 6: kimoja ulichochomelea kwa mkono wako, kingine cha ile mashine. Usivisugue. Tutavikata katikati kwa msumeno, tuvilainishe kwa msasa, tutie asidi kidogo, tuone kila mshono umezama kiasi gani. Kipumulio chenye vichujio nimeshakununulia, kiko kabatini. Usianze kutumia grenda bila hicho hata kama wenzako hawavai.

Mama yako anakusalimu, na anauliza kama unakula.

Babako