Usimeze hizo sipro kabla mkojo haujapimwa

Ziweke chini hizo sipro (ciprofloxacin), vidonge vya kuua vijidudu. Mkojo umekuwa kama tui siku ya tatu, muuza dawa amekupa vidonge kumi bila kukuuliza una homa ama huna, nawe wauliza uanze leo. Upimwe kwanza! Hata mimi niliambiwa kaunta "meza tu, ni mkojo mchafu", na mpaka leo inaniudhi: mtu hajaona tone la mkojo wako, ashakuhukumia dawa.

Dawa ikiingia hata siku moja, vijidudu hupungua lakini haviishi. Maabara wakiotesha mkojo, yaani kuvikuza vijidudu vilivyomo wavitambue, huenda kisiote kitu. Utaambiwa u salama na usaha ungalipo, na kijidudu gani, kinauawa na dawa gani, hapo hajui mtu tena. Kuotesha ni siku mbili hivi. Zisubiri.

Kopo lichukue maabara, si chupa ya jemu. Jioshe, mkojo wa mwanzo uache upite, kinga wa katikati, na utoe hukohuko. Ukiutoa nyumbani Likoni, Mombasa, kisha ukakwama foleni ya feri, kwa joto letu vijidudu vyaweza kuongezeka maradufu kila dakika 20. Ukizidi muda wa saa mbili nje ya friji, majibu yatakudanganya.

Tena si kila weupe ni vijidudu. Fosfeti, aina ya chumvi, baada ya kula huutia mkojo ukungu. Maabara hudondoshea asidi kidogo, ukatakata. Weupe wa kisonono ni usaha, na kukipima hicho hutakiwa mkojo wa mwanzo hasa, si wa katikati. Lakini kama tui, tena ukizidi baada ya biriani? Pwani yetu ina matende, ugonjwa wa minyoo unaovimbisha miguu. Minyoo yake huharibu mishipa ya limfu, ile ya majimaji ya mwili, mafuta ya chakula yakavujia kwenye mkojo, na sipro hapo haina kazi. Mtajie daktari matende wazi, kwa sababu damu ya kuitafuta minyoo hiyo hutolewa kati ya saa nne na saa nane za usiku, inapojitokeza. Ukipimwa mchana yaweza kukosekana.

Homa ya kutetemeka, maumivu ya ubavuni, kutapika, au mwenye mimba: hospitali leo hii. Hata huko mkojo hutangulia, dawa ikafuata papo hapo bila kungoja majibu. Na kama kidonge kimoja kimeshapita kooni, wape maabara jina lake na saa uliyomeza.