Kompyuta ya mzee kule Machame: laki nane inunue nini?

SWALI: Nafanya kazi Arusha, naishi Njiro. Baba ana miaka 74, mwalimu mstaafu, yuko nyumbani Machame. Ana simu ya kupangusa lakini macho yanamsumbua, na sasa anataka kompyuta ili aandike historia ya ukoo, asome magazeti na aongee na wajukuu kwa video. Zamani shuleni alikuwa anapiga taipu mitihani, ila kompyuta hajawahi kuitumia. Kaka yangu anasema tununue ya mezani, shemeji anasema kishikwambi kinatosha, na dukani wameniambia nichukue i7 ya mtumba. Umeme kule unakatika mara kwa mara. Nina laki nane. Na je, ninunue printa kabisa?

JIBU: Dada yangu, chukua laptopu ya mtumba, zile zilizotengenezwa kwa ajili ya maofisi kama HP EliteBook, Dell Latitude au Lenovo ThinkPad, na iwe ile ambayo Windows 11, yaani mfumo unaoiendesha kompyuta, inaikubali bila ujanja wa fundi. Usiimalize laki nane yote kwenye mashine. Bakiza ya mausi ya waya na, ukibahatika, ya monita ya mtumba ya inchi 22.

Kaka yako hajakosea sana. Kwa macho ya mzee, kioo kikubwa ni nusu ya kazi, na kompyuta ya mezani ndiyo yenye kioo kikubwa. Tatizo ni umeme. Ukikatika mzee akiwa katikati ya ukurasa, ya mezani inazimika papo hapo, na UPS, ile betri ya kuishikilia umeme ukienda, ni gharama nyingine juu ya gharama. Laptopu inakuja na betri yake. Ukiiunganisha na monita kwa waya wa HDMI, halafu ukabonyeza kitufe cha Windows pamoja na P na kuchagua vioo vyote vionyeshe kitu kimoja, mzee atafanya kazi kwenye kikubwa. Umeme ukienda, monita inazima, lakini sentensi aliyokuwa anaiandika iko palepale kwenye kioo kidogo. Anaimalizia, anahifadhi, anasubiri.

Kishikwambi kingefaa kama mzee angetaka magazeti na video tu. Kuandika habari za ukoo kwa kupapasa kioo ni adhabu, tena kwa mtu ambaye vidole vyake vilishazoea taipureta. Huo ujuzi wa mzee ni mtaji, usiutupe.

Sasa hiyo i7. Hilo ni jina la prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, na peke yake halikuambii kitu. Soma namba inayolifuata. i5-8250U ni ya kizazi cha nane, kwa sababu inaanza na 8. i7-4600U ni ya kizazi cha nne, mambo ya mwaka 2013. Ukiona inaanza na 10 au 11, kama i5-10210U au i5-1135G7, hiyo ni mpya zaidi, usidhani ni kizazi cha kwanza. Kizazi cha nane Intel, watengenezaji wa prosesa hizo, walianza kukitoa mwaka 2017, na ukiacha mashine chache, hapo ndipo Windows 11 inapoanzia kwa upande wa Intel. Windows 10 yenyewe, Microsoft walifunga huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa hiyo i7 ya kizazi cha nne ni mashine kuukuu yenye jina kubwa.

Muuzaji anaweza akakuwashia ukaiona Windows 11 inafanya kazi vizuri tu kwenye mashine ya zamani. Inawezekana, kuna njia ya kuilazimisha iingie. Lakini Microsoft hawaahidi masasisho kwa mashine iliyolazimishwa, na siku sasisho likigoma mzee yuko Machame na wewe uko Njiro. i5 ya kizazi cha nane, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 8, SSD (diski ya kisasa isiyozunguka) ya GB 256: kwa kazi za mzee hapo hakuna kinachopungua. Ukibanwa na bei, punguza kingine chochote ila usikubali diski ya zamani ya kuzunguka, HDD. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda sehemu ya diski kwenye dirisha litakalofunguka, utaona imeandikwa SSD au HDD. Usiridhike na stika iliyobandikwa nje.

Kioo cha laptopu ndipo watu wengi wanapopigwa, kwa sababu dukani vyote vinaonekana safi. Mashine nyingi za mtumba zina kioo cha 1366 kwa 768. Utakapomkuzia mzee maandishi hadi asilimia 150, na utamkuzia tu, nafasi inayobaki ni sawa na kioo cha 911 kwa 512. Madirisha mengine yanakuwa marefu kuliko kioo chenyewe, na kile kitufe cha kuhifadhi au kukubali kinazama chini kusikoonekana. Mzee atakitafuta, hatakiona, na ataanza kuamini kwamba kompyuta si ya watu wa umri wake. Kioo cha 1920 kwa 1080, ukikikuza vilevile, kinabaki na nafasi ya 1280 kwa 720, na kila kitu kinaenea. Afadhali kizazi cha nane chenye kioo hiki kuliko cha kumi chenye kile kingine.

Halafu kibodi. Laptopu nyingi za mtumba zinatoka Ulaya, na kila nchi na mpangilio wake. Iliyotoka Ujerumani, Z na Y zimebadilishana mahali. Fikiria mtu anayeandika Kiswahili, ambaye "ya" na "za" ziko kila mstari. Ya Ufaransa ni balaa zaidi: A iko mahali pa Q, Z mahali pa W, na M nayo imehama. Fundi atakwambia anaibadilisha ndani ya Windows, na kweli atabadilisha, ila kitufe kitabaki kimeandikwa kile kingine, na stika wanazobandika juu huchubuka. Mzee aliyejifunza taipu anaujua mpangilio wa QWERTY. Mtafutie huohuo. Ukiwa dukani fungua ukurasa mtupu, andika jina kamili la baba yako na la kijiji, kisha namba zote na alama ya kuuliza. Kinachotoka kiwe kile ulichokibonyeza.

Kabla hujatoa hela kuna mawili mengine. Fungua lile dirisha jeusi la amri (Command Prompt), andika powercfg /batteryreport, ubonyeze Enter. Litakuonyesha mahali lilipoweka ripoti, na ndani yake utakuta namba mbili: uwezo ambao betri ilitengenezwa nao na uwezo iliobaki nao. Ikiwa imebaki chini ya nusu, ama wabadilishe betri ama washushe bei. La pili, izime uiwashe huku unabonyezabonyeza F10 kama ni HP, F2 kama ni Dell, F1 kama ni ThinkPad, ili uingie kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine. Ikikudai neno la siri ambalo muuzaji halijui, iache hapohapo. Kuna ofisi huko ilikotoka iliifunga, na siku utakapohitaji kuingia humo utakwama. Ukaguzi wenyewe haufiki nusu saa. Muuzaji wa kweli, awe Moshi mjini au Arusha, atakuachia uufanye na atakupa risiti ya EFD. Anayekuharakisha, mwache na mzigo wake.

Utaonyeshwa pia Chromebook, laptopu inayotumia mfumo wa Google badala ya Windows, kwa bei ya kuvutia. Mpya haina shida, hata mimi ningempa mzee. Ya mtumba iliyotoka shule ya Marekani mara nyingi bado imesajiliwa kwa shule hiyo, au muda wake wa masasisho umekwisha. Ruka.

Mashine ikifika nyumbani, mfungulie mzee akaunti ya kawaida isiyo na ruhusa ya kuweka programu, na wewe ubaki na ile yenye mamlaka. Punguza mwendo wa mshale, ukuze mshale wenyewe, na mwendo wa kubofya mara mbili uulegeze. Kile kibao cha kupapasa kizime kabisa mausi ikiwa imechomekwa, maana kiganja kikikigusa wakati anaandika, mshale unaruka mstari mwingine. Kumfundisha mausi, mpe mchezo wa karata. Asubuhi mbili tatu za kuburuta karata zinafundisha kuliko maelezo yako yote ya kwenye simu.

WhatsApp ya kompyuta inaunganishwa na simu yake kwa kuskani, na video inapigwa kutoka humo. Simu isikae bila kutumika, kwani zikipita siku 14 kompyuta inatolewa kwenye akaunti. Kama intaneti ni hotispoti ya simu, nenda kwenye mipangilio ya Wi-Fi uiambie Windows kwamba muunganisho huo unapimwa (metered), la sivyo sasisho moja linaweza kumeza bando la wiki. Masasisho makubwa uyashushe mwenyewe ukipanda nyumbani, kwa bando lako.

Mwambie mapema kwamba siku moja kioo kitajaa maandishi mekundu: kompyuta yako imeingiwa na virusi, piga namba hii. Hao ni ndugu wa wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii", ambao bila shaka anawajua. Asipige, azime tu. Na wa kumsaidia kwa mbali kupitia Quick Assist, programu ya Windows ya kuiongoza kompyuta ya mtu ukiwa kwingine, ni wewe au kaka yako peke yenu, baada ya kusikia sauti zenu.

Umeme wa mlimani, hasa masika radi zinapoanza, usiuamini. Tafuta ekstensheni yenye kinga ya umeme mkubwa, na mzee azoee kuchomoa chaja na waya wa monita mawingu yakianza kunguruma. Kuzima swichi hakutoshi.

Jambo dogo, lakini nimeliona likiharibu zawadi nyingi: usiipeleke Desemba. Familia yote ikiwa kihambani, wajukuu wataikalia kuanzia asubuhi hadi usiku, na Januari mzee atabaki na mashine iliyojaa magemu na paswadi asiyoijua. Peleka wikiendi ya kawaida, mkae wawili.

Printa usinunue. Za wino zisipotumika wiki kadhaa wino hukauka na kuziba, na katriji moja inaweza kukugharimu karibu bei ya printa yenyewe. Mzee akimaliza sura moja aihifadhi kama PDF, aitume WhatsApp kwa steshenari ya karibu, wamchapie na kuzibana kurasa pamoja. Ukoo ukitaka nakala ishirini, watatoa palepale.