Gari Linapolala Wiki Kadhaa: Namna ya Kuitunza Betri Yake

Tangu treni ya SGR ilipoanza safari za Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024, wengi wetu tunaofanya kazi Dodoma huku familia zikiwa Dar es Salaam tumeacha kuendesha gari kila tunapokwenda na kurudi. Gari linabaki uani wiki mbili, tatu, wakati mwingine mwezi mzima, na kinachotangulia kuharibika si injini wala matairi, bali ni betri. Nimewasaidia majirani na wafanyakazi wenzangu kadhaa waliorudi nyumbani, wakawasha gari na kusikia stata ikigonga tu bila injini kuzunguka, na karibu wote walikuwa wameshaambiwa na fundi kwamba betri imekwisha umri wake. Mara nyingi haikuwa hivyo. Betri ilikuwa imeachwa na chaji ndogo kwa muda mrefu, na hilo ndilo linaloua betri za magari yanayolala.

Sababu yake inafaa kueleweka, kwa kuwa ushauri wote unaofuata unatoka hapo. Betri ya gari, ile ya madini ya risasi na asidi, ambayo misingi yake haijabadilika tangu Mfaransa Gaston Planté alipoiunda mwaka 1859, ina vyumba sita, kila kimoja kikitoa takriban volti 2.1. Inapotoa umeme, asidi huungana na risasi iliyo kwenye bamba na kutengeneza salfeti ya risasi. Inapochajiwa, salfeti hiyo huvunjika na asidi hurudi kwenye maji. Salfeti ikiwa changa ni laini na huondoka bila shida, lakini ikiachwa siku nyingi hugeuka kuwa fuwele ngumu ambazo chaji ya kawaida haiziondoi, na kila sehemu ya bamba iliyofunikwa na fuwele hizo haishiki umeme tena. Betri ya miezi sita inaweza kuzeeka kwa namna hiyo ndani ya likizo moja.

Joto huzidisha tatizo. Betri hupoteza chaji yenyewe hata ikiwa haijaunganishwa na chochote, na upotevu huo hukaribia kuongezeka maradufu kwa kila nyuzi 10 za Selsiasi joto linapopanda. Kwa hiyo maelekezo yanayotoka nchi za baridi, kwamba betri iliyofunguliwa nyaya inaweza kukaa miezi mingi bila kuguswa, yasichukuliwe kama yalivyo na mtu anayeegesha gari juani Dar es Salaam au Tanga mwezi Februari. Ukiwa na kivuli, egesha kivulini. Ni msaada usio na gharama yoyote.

Kifaa ninachomshauri kila mwenye gari anunue kabla ya kitu kingine chochote ni mita ya umeme ya mkononi, ile ya bei nafuu inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya umeme. Pima betri asubuhi, gari likiwa limelala usiku mzima, kwa sababu ukipima mara tu baada ya kuzima injini utaona namba kubwa isiyo ya kweli. Betri iliyojaa husoma volti 12.6 au 12.7. Ikisoma 12.4 imebaki na kama robo tatu ya chaji, 12.2 ni nusu, na ikifika 12.0 imebaki na robo tu. Mimi sisubiri ifike nusu: ikishuka chini ya 12.4 naichaji, maana fuwele huanza kujijenga katika kipindi hicho ambacho gari bado linawaka vizuri na mwenyewe haoni dalili yoyote.

Sasa swali ni chaji inakwenda wapi wakati gari limezimwa. Gari la kisasa halizimiki kabisa. Saa, alamu, kompyuta ya injini na kipokezi cha ufunguo wa mbali huendelea kunywa umeme kidogo, na kiasi cha miliampea 20 hadi 50 ni cha kawaida. Piga hesabu: miliampea 50 kwa saa 24 ni ampea-saa 1.2 kwa siku, na betri ya NS60 iliyo kwenye magari mengi madogo ya Kijapani ina takriban ampea-saa 45, hivyo itafika nusu baada ya siku kama 19 bila gari kuwa na kasoro yoyote. Huo ndio mpaka wa gari zima. Lenye kasoro halifiki huko.

Mwaka jana gari la shemeji yangu lilikuwa halimalizi wiki moja bila kuhitaji kubustiwa, ingawa betri ilikuwa mpya. Tuliondoa ufunguo, tukafunga milango na kuacha boneti wazi, nikafungua waya wa hasi na kuipachika mita kati ya waya huo na terminali yake, ikiwa kwenye kipimo cha ampea 10. Tukaiacha kama nusu saa ili kompyuta za gari zitulie. Mita ikasoma 0.19, yaani miliampea 190. Nikaanza kuchomoa fyuzi moja baada ya nyingine huku yeye akisoma namba kwa sauti, na zote hazikubadilisha kitu mpaka nilipochomoa ya redio, namba ikaanguka hadi 0.03.

“Lakini shemeji, redio si huwa naizima?” aliniuliza.

Alikuwa anaizima kweli. Redio hiyo ya kioo kikubwa ilifungwa baada ya gari kununuliwa, na aliyeifunga aliunganisha waya wake mkuu kwenye umeme wa moja kwa moja badala ya ule unaopita kwenye swichi, kwa hiyo kioo kilizimika lakini ndani redio ilibaki macho usiku na mchana. Kwa miliampea 190 betri ile ya ampea-saa 45 ilikuwa inafika nusu kwa siku tano. Fundi umeme wa magari alihamisha waya mmoja na tatizo likaisha. Nalieleza hili kwa kirefu kwa sababu redio, alamu na traka (vifaa vya kufuatilia gari lilipo) zinazofungwa hapa kwetu ndizo ninazozishuku kwanza, na kipimo hiki kinaweza kufanywa na mtu yeyote mwangalifu. Muhimu ni kutowasha gari wala swichi wakati mita iko katikati ya waya, kwa kuwa stata huvuta zaidi ya ampea 100 na itaunguza fyuzi ya mita, kama si mita yenyewe.

Wengi humwachia kijana wa nyumbani ufunguo na agizo la kuliwasha gari dakika tano kila Jumamosi. Agizo hilo linatolewa kwa nia njema, lakini hesabu yake haikubali. Kwa miliampea 50, wiki moja inakula ampea-saa 8.4. Hata tukikadiria kwamba altaneta, yaani jenereta inayozungushwa na injini, inaingiza ampea 20 kwenye betri injini ikiwa sailensa, gari likiwa limesimama, dakika tano hazirudishi hata ampea-saa 2, na kutoka hapo toa kiasi ambacho stata yenyewe imetumia. Betri inazidi kushuka kila wiki huku kila mtu nyumbani akiamini inatunzwa, na injini inabaki na unyevu ambao haukupata joto la kutosha kukauka. Kama yuko mtu mwenye leseni unayemwamini, aliendeshe barabarani nusu saa au zaidi, kiyoyozi kikiwa kimezimwa. Kama hayupo, afadhali gari lisiwashwe kabisa na betri ilindwe kwa njia nyingine.

Njia rahisi, kwa safari ya wiki mbili hadi mwezi, ni kufungua waya wa hasi. Kwa magari mengi ya Kijapani spana namba 10 inatosha. Anza na hasi, ile yenye alama ya kutoa, kwa sababu bodi yote ya gari imeunganishwa nayo: ukianza na chanya na spana ikagusa chuma cha bodi, umeme wote wa betri utapita kwenye spana hiyo, na nimeona alama ya kuungua iliyobaki kwenye mkono wa fundi aliyefanya haraka. Wakati wa kurudisha, chanya kwanza na hasi mwisho. Ukishaufungua waya, usogeze kando na kuufunga kwa kitambaa ili usirudi wenyewe kwenye terminali.

Yapo mambo ya kujua kabla. Saa na stesheni za redio zitafutika, vioo vya kupanda vyenyewe vinaweza kuhitaji kufundishwa upya, alamu haitalinda gari, na milango itahitaji ufunguo wa chuma, ambao kwa magari ya ufunguo wa kubonyeza huwa umefichwa ndani ya rimoti. Gari lililo kwenye mkopo au lenye traka ya bima ni suala tofauti: traka ina betri yake ndogo inayodumu muda mfupi, kisha itanyamaza, na kunyamaza huko kunaweza kuchukuliwa kuwa wizi. Kwa gari kama hilo usifungue waya bila kuwaarifu wahusika.

Wenye Toyota Prius au Aqua wawe waangalifu zaidi. Magari haya yana betri ndogo ya volti 12 ambayo kazi yake ni kuamsha kompyuta, nayo kwa matoleo mengi huwekwa nyuma, si chini ya boneti. Kwenye Prius mlango wa nyuma hufunguliwa kwa umeme, kwa hiyo ukishafungua waya usiufunge mlango huo ukasahau kwamba betri iko ndani yake. Uzuri wake ni kwamba gari likiwa limewashwa hadi alama ya READY ionekane, betri kubwa huichaji ile ndogo hata kama injini haizunguki. Ikifika wakati wa kubadilisha, ununue ya aina ileile yenye bomba la kutoa gesi nje, maana iko kwenye hewa mnayovuta abiria na dereva.

Kwa muda unaozidi mwezi naona chaja ndiyo jibu, ile inayopunguza umeme yenyewe betri ikijaa na kubaki kwenye takriban volti 13.5. Kwa kuchaji kwa kawaida, kipimo cha zamani cha moja ya kumi bado ni kizuri: betri ya ampea-saa 45 ichajiwe kwa ampea 4 au 5, polepole, usiku kucha. Fanya hivyo mahali penye hewa, mbali na jiko na sigara, kwa sababu betri inayochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni. Pasipo na umeme wa uhakika, paneli ndogo ya jua ya wati 10 yenye kidhibiti chake inatosha kufidia kile ambacho gari zima linakunywa, mradi iwekwe nje juani wala si nyuma ya kioo chenye giza.

Kama betri yako ina vifuniko, angalia kiwango cha maji kabla ya kuondoka na uongeze maji yaliyotoneshwa pekee, si ya bomba wala ya chupa ya kunywa, na kamwe si asidi, kwa kuwa kinachopungua ni maji. Unga mweupe au wa kijani kwenye terminali, ambao hewa ya chumvi ya pwani huuongeza, usafishwe kwa magadi soda na maji ya moto, kisha paka grisi. Kuhusu ile imani kwamba betri haifai kuwekwa kwenye sakafu ya saruji, ilikuwa na maana zamani za makasha ya mbao na mpira. Kasha la plastiki halipitishi umeme, iweke popote palipo pakavu na pasipofikiwa na watoto.

Ukirudi ukaikuta imeshuka, usikimbilie kubusti na kuiachia altaneta kazi yote, kwa sababu altaneta imetengenezwa kudumisha chaji, si kufufua betri tupu. Ichaji polepole hadi ijae, iache ipumzike usiku mmoja bila kuunganishwa, kisha pima. Ikishikilia 12.6 imepona. Ikirudi chini ya 12.4, au ikianguka chini ya 9.6 unapopiga stata, bamba zimeshafunikwa na hakuna dawa ya kumimina itakayozirudisha; nunua nyingine, na ile ya zamani mkabidhi muuzaji anayepokea betri chakavu badala ya kumwaga asidi yake kwenye mtaro.