Maswali ya wasafiri: Kupanda ngome ya Berat, Albania

Barua zinazouliza kuhusu Albania zimeongezeka, na nyingi zinaulizia ngome zilizojengwa juu ya vilima. Safari hii tumechagua zile zinazohusu Berat, pamoja na moja ya msomaji ambaye bado hajaamua aende wapi.

Nitakuwa Tirana kikazi na nitabakiwa na siku mbili za mapumziko. Nimetajiwa ngome tatu: Kruja, Gjirokastra na Berat. Niende ipi? (Msomaji wa Dar es Salaam)

Nenda Berat, na ulale huko huko.

Kruja iko karibu sana, kama kilomita 30 tu kutoka Tirana, na nusu siku inaitosha. Ndiko Skanderbeg, shujaa wa taifa la Albania, alikowakabili Waturuki wa dola ya Osmania. Ngome hiyo ilizingirwa mwaka 1450, 1466 na 1467 bila kutekwa, ikaja kuanguka 1478. Ila jengo kubwa utakaloliona ndani leo ni jumba la makumbusho lililojengwa 1982, kwa hiyo mwenye kiu ya mawe ya kale hataikata hapo. Gjirokastra ni ngome nzito kweli kweli, ina mizinga ya vita na hata ndege ya jeshi la Marekani iliyolazimika kutua Albania mwaka 1957. Tatizo ni umbali: zaidi ya kilomita 200 kusini mwa Tirana. Kwa siku mbili, muda wako mwingi utaishia barabarani.

Berat iko kama kilomita 120 kutoka Tirana, na ina jambo ambalo ngome nyingi za Ulaya zimelipoteza: watu bado wanaishi ndani yake. Nyuma ya kuta kuna mtaa mzima unaoitwa Kala, wenye nyumba za mawe, mizabibu juu ya nyua na nguo zilizoanikwa. Hii ndiyo sababu ya kusisitiza ulale. Kuanzia kama saa 5 asubuhi hadi alasiri, vikundi vya watalii wa kwenda na kurudi huujaza. Mapema asubuhi na jioni mtaa huwa wa wenyewe, nawe utauona kama ulivyo.

Ninasoma Bari, Italia, nina pasi ya Kenya. Naweza kuvuka kwenda Albania bila viza nyingine? (Mwanafunzi)

Inategemea karatasi uliyonayo mkononi, kwa hiyo soma kwa makini.

Albania haimo katika Umoja wa Ulaya wala eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Pasi ya Kenya, kama ile ya Tanzania, kwa kawaida inahitaji viza ya Albania, ambayo huombwa mtandaoni kupitia tovuti ya serikali. Lakini mwenye kibali halali cha ukaazi cha nchi ya Schengen huruhusiwa kuingia bila viza hiyo na kukaa hadi siku 90 ndani ya siku 180. Mwenye viza ya Schengen naye huruhusiwa, kwa masharti matatu: iwe bado hai, iwe ya kuingia mara nyingi, na awe ameshaitumia kuingia nchi ya Schengen kabla ya kufika Albania.

Hapa ndipo watu wanapokwama. Wa kwanza ni mwenye viza ya Schengen ya kuingia mara moja. Akipanda meli kwenda Albania anakuwa ametoka Schengen, na viza yake imekwisha kazi. Hata Albania wakimpokea, Italia hatarudi. Wa pili ni mwanafunzi ambaye kibali chake kimeisha na anatembea na risiti ya maombi ya kukihuisha. Risiti si kibali. Usipande meli nayo. Subiri kadi yenyewe. Na kabla ya kulipa nauli, hakikisha masharti kwenye tovuti ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Albania, kwa sababu hubadilika.

Kama karatasi ziko sawa, meli ya usiku ya Bari kwenda Durrës itakufaa sana. Unalala baharini, unaamkia Durrës, na kutoka hapo hadi Berat si mbali kama kutoka Tirana.

Nitatua uwanja wa ndege wa Tirana asubuhi. Nifikeje Berat bila kukodi gari, na nibebe pesa gani? (Msomaji wa Nairobi)

Kutoka uwanja wa ndege wa Nënë Tereza panda basi la kwenda katikati ya Tirana. Ukifika, usitafute basi la Berat pale pale mjini. Mabasi ya mikoani huondoka kwenye kituo kikuu kilicho pembeni mwa jiji, upande wa barabara ya Durrës. Chukua teksi na umwambie dereva unakwenda kwenye mabasi ya Berat.

Hakuna haja ya kukata tiketi mapema. Unapanda, unakaa, kondakta anakusanya nauli njiani kwa fedha taslimu. Safari ni kama saa mbili na nusu hadi tatu. Kuna pia mabasi madogo yanayoitwa furgon, na mtu aliyezoea matatu ataelewa mara moja: yanaondoka yakijaa. Basi litakushusha kituo cha Berat kilicho nje kidogo ya mji wa kale, hivyo panda basi la mjini au teksi hadi Mangalem, mtaa ulio chini ya kilima cha ngome. Ukishashuka tu, muulize kondakta basi la mwisho la kurudi linaondoka saa ngapi. Mabasi hupungua sana jioni, na aliyezubaa hulipia teksi hadi Tirana.

Kuhusu pesa: sarafu ni leki, nayo ni shida kuipata nje ya Albania, basi njoo na yuro ubadilishe mjini. Mashine nyingi za ATM hukata ada. Zikikuuliza kama zikufanyie hesabu kwa sarafu ya benki yako, kataa, maana kiwango chao ni kibaya. Beba noti ndogo. Nyumba nyingi za wageni, wauzaji wa ngomeni na mabasi hawapokei kadi.

Halafu kuna jambo linalowashtua wageni. Mwaka 1965 Albania ilifuta sifuri moja kwenye sarafu yake, leki 10 za zamani zikawa leki 1 mpya. Mpaka leo watu wengi, hasa wazee, bado hutaja bei kwa hesabu ya zamani. Muuzaji akikwambia elfu tano, huenda anamaanisha leki 500. Si wizi wala hila. Mwombe akuandikie bei au akuonyeshe noti yenyewe, kisha ulipe.

Ninasafiri na mama yangu, miaka 68, goti lake moja linamsumbua. Ataweza kupanda? (Msomaji wa Tanga)

Mama ataweza kuifurahia ngome, ila asipande kwa miguu kutoka mjini. Na kushuka ndiko kwa kuogopa zaidi kuliko kupanda.

Njia ya kutoka Mangalem hupanda mfululizo, bila sehemu tambarare ya kupumzikia, na mtu mwenye afya huchukua dakika 15 hadi 20. Imetandikwa mawe, nayo yamesuguliwa na nyayo na magurudumu kwa miaka mingi hadi yakawa laini. Yakikauka yanapitika. Yakilowa, hata kwa manyunyu tu, yanateleza kama sabuni. Watu huanguka wakati wa kushuka, kwa kuwa uzito wote huenda mbele, soli haishiki na goti ndilo linalobeba breki. Viatu viwe vya soli ya mpira yenye meno. Ndara na viatu vya ngozi vyenye soli laini viacheni hotelini.

Chukueni teksi hadi kwenye lango. Patana bei ya kwenda na kurudi kabla ya kupanda, na mkubaliane saa ya kuwafuata, kwa maana teksi za kusubiri huko juu si za uhakika. Kutoka langoni kwenda ndani bado kuna mawe na miinuko midogo, lakini mama akiwa na mkongojo na asiharakishwe, atafika Makumbusho ya Onufri, yenye ikoni (picha takatifu za kanisa), na vichochoro vya karibu. Sehemu za kunywa kahawa zipo. Ncha ya kusini, penye mandhari ya mto Osum na mtaa wa Gorica ng'ambo, ni mbali zaidi na njia yake ni mbaya. Nenda wewe, yeye apumzike.

Mkilala ndani ya ngome (nyumba kadhaa za kale hupokea wageni), mwambieni mwenyeji aje kuwapokea langoni. Vichochoro ni vyembamba, majina ya njia hayaonekani vizuri, na sanduku la magurudumu halina kazi juu ya mawe yale. Begi la mgongoni ndilo jibu.

Kwa wenye watoto: kingo za kuta nyingi hazina reli, na chini ni jabali. Mshike mtoto mkono kila mnapokaribia ukuta wa nje.

Niangalie nini ndani, na kwa mpangilio gani? Nimeambiwa makanisa mengi huwa yamefungwa. (Msomaji wa Arusha)

Umeambiwa kweli, na ndiyo maana mpangilio una maana.

Anzia langoni, na usipite upesi. Mahali hapa pana ngome tangu karne ya 4 kabla ya Kristo. Warumi waliuchoma mji mwaka 200 kabla ya Kristo, kuta zikaimarishwa karne ya 5 na ya 6 chini ya wafalme wa Bizanti, kisha zikajengwa upya karne ya 13 na Mikaeli Komnenos Doukas, mtawala wa Epiro. Inua macho utazame ukutani: utaona msalaba na herufi za jina lake, zimepangwa kwa matofali mekundu katikati ya mawe. Mawe makubwa ya chini ni ya zamani kuliko yale madogo ya juu. Ukishaijua alama hiyo, utaisoma historia ya ukuta popote utakapopita.

Kisha nenda moja kwa moja kwenye Makumbusho ya Onufri, mara yanapofunguliwa. Yamo ndani ya kanisa kuu la Kulala kwa Bikira Maria, lililojengwa 1797. Onufri alikuwa mchoraji wa ikoni wa karne ya 16, na wekundu wake ni mkali na wa pekee. Ukiuona mara moja utautambua tena. Usiondoke bila kusimama mbele ya ukuta wa ikoni wa kanisa lenyewe, uliochongwa kwa mbao. Uliza kabla ya kutoa kamera. Na usipange ziara yako Jumatatu, maana nje ya majira ya joto ndiyo siku ya kufungwa.

Hapo hapo makumbusho, uliza habari ya funguo. Makanisa madogo hufungwa kulinda michoro ya ukutani, na mara nyingi anayeshika funguo hupatikana kupitia wahudumu wa makumbusho. Ukikosa yote, omba moja tu: Mtakatifu Maria wa Blakerna, kanisa la karne ya 13 ambalo michoro yake ilitiwa na Nikolla, mwana wa Onufri, mwaka 1578. Mpe anayekufungulia kitu kidogo cha shukrani.

Wengine huzunguka wakitafuta zile Injili mbili mashuhuri za Berat, ile ya karne ya 6 yenye herufi za fedha juu ya ngozi ya zambarau na ile ya karne ya 9. Haziko ngomeni. Zinahifadhiwa Tirana, kwenye hifadhi ya nyaraka ya taifa.

Baada ya hapo tembea kwa utulivu: birika la maji la chini ya ardhi, mabaki ya mnara wa Msikiti Mwekundu, na kanisa la Utatu Mtakatifu kwenye mteremko. Hilo la mwisho liache hadi alasiri, jua linapolipiga upande wa magharibi. Tenga saa tatu nzima na chukua lita moja ya maji kwa kila mtu. Wanawake wa Kala huuza vitambaa vya kufumwa kwa mkono na matunda yaliyohifadhiwa kwa sukari, yanayoitwa gliko. Nunua kwao badala ya maduka ya mjini. Fedha inabaki kwa watu wanaoufanya mtaa uendelee kuwa mtaa.

Sisi ni familia ya Kiislamu kutoka Mombasa. Tutaswali wapi, na chakula je? Na mwezi gani ni mzuri? (Msomaji)

Uislamu ndio dini yenye wafuasi wengi zaidi Albania, lakini mwaka 1967 serikali ya wakati huo ilipiga marufuku dini zote, na misikiti na makanisa mengi yakabomolewa au kugeuzwa matumizi. Berat iliponea kwa sehemu, kwani ilikuwa imetangazwa mji wa makumbusho mwaka 1961. Ndani ya ngome, misikiti imebaki magofu tu. Kwa swala shukeni mjini: Msikiti wa Mfalme, ulioanzishwa zama za Sultani Bayezid wa Pili, uko chini ya kilima, na Msikiti wa Risasi (yaani madini ya risasi, si ya bunduki) wa karne ya 16 uko katikati ya mji. Kina mama wabebe mtandio au kanga. Milango hufunguliwa zaidi nyakati za swala.

Kwenye chakula, msidhani kila kitu ni halali. Nguruwe na pombe huuzwa kwa wazi, hivyo ulizeni kila mahali. Byrek, yaani pai, ya jibini au mchicha ni salama na hushibisha. Tavë kosi, nyama ya kondoo iliyookwa kwa mtindi, ulizeni nyama imetoka wapi.

Njooni Aprili hadi mwanzoni mwa Juni, au Septemba na Oktoba. Julai na Agosti joto hupita nyuzi 35, na jabali lile halina kivuli. Tarehe 20 hadi 25 Agosti mahujaji wa Kibektashi, tarika ya Kisufi, hupanda mlima Tomorr, ulio karibu na Berat, kwenye ziara ya Abbas bin Ali. Wengi hupitia mjini. Kama mnataka wiki hiyo, wekeni nafasi ya vyumba mapema. Kama hamtaki msongamano, ikwepeni.