Mkataba umeisha lakini mchezaji hajaachiliwa: jibu refu kutoka Malindi

Ndugu yangu, umeuliza mambo mawili kwa mpigo. La kwanza, inakuwaje mchezaji wa NBA, ile ligi ya basketi ya Marekani, amemaliza mkataba, anaitwa mchezaji huru, halafu timu yake ya zamani inamzuia asiende anakotaka. La pili, ambalo naona ndilo linalokukosesha usingizi, mpwa wako amepewa karatasi na klabu ya ng'ambo atie saini kabla ya Ijumaa, na wewe ndiwe mkubwa wa nyumba. Nitaanza na la kwanza, maana la pili limo ndani yake.

Mimi si wakili. Nimecheza basketi pwani hii miaka tisa, siku hizi nafundisha vijana hapa Malindi jioni, kwenye uwanja wa saruji ambao ringi moja imepinda. Na nilishafungwa na karatasi.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Klabu moja ya Mombasa ikaniita, ikanipa karatasi mbili zilizopigwa chapa, nikazitilia saini juu ya boneti ya gari nje ya uwanja kwa kalamu ya kuazima. Nilisoma mstari mmoja tu, ule wa posho: shilingi elfu nane kwa mwezi, na nauli. Mkataba wa mwaka mmoja. Mwaka ulipokwisha timu ya Nairobi ikanitaka, na kazi ya mchana juu yake. Nikafunga begi. Ndipo katibu wa klabu akanifunulia ukurasa wa pili, akaweka kidole kwenye kifungu cha saba: klabu itakuwa na hiari ya kuongeza mwaka mmoja zaidi kwa masharti yale yale. Hiari ya klabu, si yangu. Saini yangu iko pale chini, wino wa buluu, nzuri kweli kweli. Nairobi hawakuningoja. Nikacheza mwaka mwingine kwa elfu nane, na nusu yake niliimaliza benchi.

Tangu hapo nikishika mkataba wa mtu siulizi unaisha lini. Nauliza mwaka unaofuata ni wa nani.

Sasa twende Marekani. Mchezaji anayechaguliwa raundi ya kwanza ya drafti, yaani ile zamu ya timu kuchagua vijana wapya kila mwaka, hupewa mkataba ambao mshahara wake umeshapangwa na kanuni kulingana na nafasi aliyochaguliwa. Miaka miwili ya mwanzo ni ya uhakika. Wa tatu na wa nne ni hiari ya timu. Ni kile kifungu changu cha saba, ila hiki kimevaa suti. Ikitimia minne, timu ikimwandikia ofa ya mwaka mmoja kwa kiwango kilichowekwa, yeye anakuwa huru wa masharti: ana ruhusa ya kuzunguka, kutafuta timu, hata kutia saini karatasi ya ofa ya watu wengine, lakini timu yake ikikubali kulipa kile kile, anabaki. Wasipomwandikia, ni huru kamili na anakwenda zake.

Mfano mzuri ni Deandre Ayton. Julai 2022 alikuwa amemaliza miaka minne Phoenix Suns bila kupata mkataba mpya aliokuwa akiutaka. Indiana Pacers wakamwandikia miaka 4, dola milioni 133. Akatia saini. Phoenix wakajibu siku hiyo hiyo kwamba watalipa. Mtu ametia saini karatasi ya Indiana na amebaki Phoenix! Kanuni ilimwachia kitulizo kimoja tu, kwamba kwa mwaka mzima Phoenix hawakuweza kumpeleka timu nyingine bila ridhaa yake.

Upo mlango wa pili, ila unataka moyo. Unaikubali ile ofa ya mwaka mmoja, unacheza kwa pesa kidogo, na mwaka ukiisha hakuna wa kukushika. Greg Monroe alifanya hivyo Detroit mwaka 2014. Mwaka uliofuata akaenda Milwaukee kwa miaka 3 na dola milioni 50. Fikiria lakini kama goti lingemwachia katikati ya ule mwaka. Ndiyo maana wengi hawathubutu.

Na timu zinazotaka kumpora mwenzao mchezaji nazo zina hila zake. Mwaka 2012 Houston walimwandikia Jeremy Lin miaka 3, dola milioni 25, lakini mzigo wakaurundika mwaka wa mwisho, karibu milioni 15 peke yake. New York, timu yake ya zamani, wakaipima hesabu ya kodi ambayo ligi huitoza timu yenye mishahara mikubwa kupita kiasi, wakamwacha aende. Hapo karatasi ilimfaa mchezaji, kwa mara moja.

Haki yenyewe ya kuondoka haikuja kwa hisani. Zamani kifungu cha mkataba kilimfunga mchezaji kwa timu yake mwaka baada ya mwaka. Oscar Robertson, akiwa mwenyekiti wa chama cha wachezaji, aliwapeleka wenye ligi mahakamani mwaka 1970, na suluhu ikapatikana 1976. Hata hivyo ilichukua mpaka 1988 kwa Tom Chambers kutoka Seattle kwenda Phoenix akiwa wa kwanza kuhama huru kamili, bila timu ya zamani kuwa na neno.

Umeuliza pia, kama kwa kupitia tu, kwa nini tajiri mmoja asiwanunue wote kama tunavyoona kwenye soka. Hapa nitakaa kidogo.

Ami yangu alikuwa nahodha wa mashua. Samaki wakishauzwa, kwanza hutolewa pesa ya mafuta na barafu. Kinachobaki, chombo kina fungu lake, nyavu zina fungu, mabaharia wanagawana lao. Bahari ikitoa sana, kila fungu linanenepa. NBA nao wana mgao: mapato ya televisheni, tiketi, jezi na mengineyo yanawekwa pamoja, na wachezaji kwa jumla yao hupata kati ya asilimia 49 na 51. Kutokana na hesabu hiyo ndipo kinapopatikana kikomo cha mishahara cha kila timu. Kilipoanza, msimu wa 1984–85, kilikuwa dola milioni 3.6. Msimu wa 2025–26 ni milioni 154.6. Bahari imetoa, na samaki wakubwa ni televisheni.

Juu ya kikomo cha timu kuna kikomo cha mtu. Kwa kawaida mwenye miaka isiyozidi 6 kwenye ligi hawezi kuanza juu ya asilimia 25 ya kikomo, wa miaka 7 hadi 9 ni asilimia 30, wa 10 na kuendelea 35. Kwa hiyo tajiri hata akitaka kumwagia mtu pesa, mkono wake una kamba.

Kamba hiyo lakini ina fundo la kulegeza, na watu wa kijiweni hulipigia kelele bila kulielewa. Timu inaruhusiwa kuvuka kikomo ili kumbakiza mchezaji wake mwenyewe, ikiwa amecheza misimu mitatu bila kuachwa na bila kuhama akiwa huru. Zinaitwa haki za Bird, kwa jina la Larry Bird wa Boston. Na timu hiyo inaweza kumpa miaka 5 na nyongeza ya asilimia 8 kila mwaka, wakati wengine mwisho wao ni miaka 4 na asilimia 5. Yaani anayehama huacha pesa mezani.

Basi tazama ilivyokuwa 2016, maana watu bado wanasema Golden State walimnunua Kevin Durant. Hakuna aliyenunuliwa. Mwaka 2012 Stephen Curry alikuwa na vifundo vya miguu vinavyomsumbua, akakubali miaka 4 kwa dola milioni 44. Akapona, akawa mchezaji bora wa ligi, na bado alikuwa analipwa bei ya mgonjwa. Kisha mkataba mpya wa televisheni ukaingia, kikomo kikaruka kutoka milioni 70 hadi 94 kwa mwaka mmoja. Golden State wakampeleka Andrew Bogut Dallas, na Harrison Barnes, aliyekuwa huru wa masharti, wakaiondoa ofa yao wakamfungulia mlango. Nafasi ikapatikana, Durant mkataba wake Oklahoma City umekwisha, akaingia. Laiti Curry angekuwa mzima 2012, au kikomo kingepanda taratibu, hesabu isingetimia. Siku hizi kikomo hakiruhusiwi kupanda zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, na makubaliano ya 2023 yaliweka mstari wa juu kabisa wa mishahara ambao timu ikiuvuka haiwezi hata kuunganisha mishahara ya wachezaji wawili ili kumpata mmoja mkubwa.

Neno "kuuzwa" nalo tuliache kwenye soka. NBA haina ada ya uhamisho. Mkataba wako unabadilishwa na wa mwenzako, mishahara ipatane, na kwa kawaida wewe huulizwi isipokuwa mkataba wako umeandikwa hivyo, jambo ambalo ni nadra. Jumapili ya tarehe 2 Februari 2025, saa mbili asubuhi, nilikuwa na mahamri mkononi simu ikalia: Luka Dončić ametolewa Dallas kwenda Lakers, Anthony Davis anakwenda upande wa pili. Nilidhani ni utani. Yule kijana alikuwa anangoja katikati ya mwaka ili aandikiwe na Dallas mkataba mkubwa kuliko yote, zaidi ya dola milioni 300 kwa miaka 5, ambao kanuni inautoa kwa timu iliyomlea tu. Alipohamishwa, haki ile ikapotelea njiani. Agosti akatia saini na Lakers miaka 3, milioni 165. Maskini si neno lake, lakini pesa iliondoka usiku mmoja tu.

Na kwetu Waswahili tusisahau Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, aliyechaguliwa wa pili katika drafti ya 2009 na Memphis Grizzlies. Mkataba wake ulikuwa ule ule wa miaka miwili ya uhakika na miwili ya hiari. Februari 2011 akapelekwa Houston, Machi 2012 Portland, ule mwaka wa nne haukuchukuliwa, na katikati ya 2012 akawa huru akaenda Oklahoma City. Watu humcheka. Mimi nikiangalia naona mtu aliyehamishwa mara mbili ndani ya karatasi moja.

Soko lenyewe hufunguliwa tarehe 30 Juni saa kumi na mbili jioni ya New York, na huku kwetu ni saa saba usiku. Kusi linavuma, makuti yanalia, sisi wachache tuko macho na simu. Lakini kwa siku kadhaa za mwanzo mikataba mingi ni maneno tu, kalamu hairuhusiwi mpaka tarehe 6 Julai. Mwaka 2015 DeAndre Jordan aliwaahidi Dallas Mavericks kwamba anakwenda kwao. Kabla ya siku ya kalamu, wenzake wa Clippers wakamfuata nyumbani kwake Houston, wakakaa naye mpaka akatia saini ya kubaki. Dallas hawakuwa na la kufanya. Ahadi si mkataba.

Hapo ndipo anapoingia mpwa wako, maana unasema ameahidiwa kwa simu nyumba, tiketi ya kurudi na bonasi, na kwenye karatasi hayamo. Basi hayapo. Yaandikwe.

Ng'ambo nje ya NBA mambo yako chini ya FIBA, shirikisho la basketi la dunia. Huwezi kusajiliwa nchi nyingine bila barua ya kuachiliwa kutoka shirikisho la nchi unayotoka, kwa hiyo kama bado ana karatasi yoyote na klabu ya hapa, hata ile ya boneti, aimalize kwanza kwa maandishi. Wakala wa FIBA haruhusiwi kudai zaidi ya asilimia 10 ya mshahara. Kule NBA mwisho ni 4. Huyo anayemwambia atakata robo ni mwizi, mwambie nimesema mimi. Kisha atafute kifungu kinachosema mgogoro utakwenda BAT, baraza la usuluhishi la basketi lililoanzishwa na FIBA mwaka 2007, makao yake Geneva. Bila kifungu hicho hawawezi kumsikiliza, na klabu ikiacha kulipa mwezi wa tatu atabaki kudai katika mahakama za nchi asiyojua lugha yake. Atazame pia kipimo cha afya: nani anachagua daktari, ndani ya siku ngapi baada ya kufika, na akifeli nani anamrudisha.

Halafu lile neno hiari. Litafute ukurasa kwa ukurasa. Ukilikuta, angalia ni la klabu, la mchezaji, au la wote wawili, na tarehe ya mwisho ya kulitumia ni lini. Kama ni la klabu peke yake, aombe mshahara wa mwaka huo uandikwe sasa na uwe mkubwa kuliko wa kwanza. Ni ombi la kawaida kabisa, hawatashtuka.

Mwambie apige picha kurasa zote, si ule wa mshahara tu, afunike jina na namba ya pasipoti, unitumie. Mimi niko uwanjani mpaka magharibi. Baada ya isha nitazisoma, na kesho kabla ya mchana utakuwa na majibu.