Kaka yako asiache dawa za figo

Dada, pole kwa kuuguza. Umesema kaka yako ana miezi minne tangu apandikizwe figo, mikono inatetemeka, uso umevimba, na sasa anataka kuacha dawa kwa kuwa anajisikia mzima. Nakuomba umzuie.

Kinga ya mwili inaiona figo ile kuwa ngeni, hivyo huishambulia. Kati ya dawa za kuituliza kinga hiyo, takrolimasi huzuia chembe nyeupe za damu aina ya T zisipeane ishara ya kushambulia, mikofenoleti huzuia zisizaliane, prednisoloni hupoza makali yote. Akiacha, figo inaweza kuanza kukataliwa naye asihisi chochote.

Mtetemeko mara nyingi hutokana na takrolimasi kuzidi kwenye damu. Mimi nami nikiimeza, nilikuwa nikishika kikombe, chai inamwagikia kwenye kisosi. Daktari alipima kiwango, akapunguza dozi, mikono ikatulia. Damu ya kipimo hicho hutolewa asubuhi kabla ya kumeza dawa. Wengi humeza kwanza ndipo waende maabara, majibu yanapotosha. Uso wa mviringo ni prednisoloni, nao hupungua dozi ikishushwa. Sukari na presha zipimwe pia.

Balungi asile kabisa. Akiandikiwa rifampisini ya kifua kikuu au flukonazoli ya fangasi, aseme kwanza kwamba amepandikizwa figo: ya kwanza hushusha takrolimasi, ya pili huipandisha. Chanjo ya homa ya manjano asichomwe, ina virusi hai.

Na akipata homa ya nyuzi 38 usiku, msingoje kukuche. Mpelekeni hospitali.