Trei ya mawe 20 na rangi inayodanganya: jibu kwa kijana wa mwaka wa kwanza

Mdogo wangu uliyeuliza jana usiku, swali lako nimelisoma mara mbili. Unasema uko mwaka wa kwanza wa jiolojia hapa Dar, mmepewa trei ya mawe 20 kwenye jaribio la vitendo, umepata manne, na kila jiwe jeupe umeliandika kwatzi, yale madini magumu ya kawaida kwenye mchanga. Halafu mwishoni ukachomekea kijiwe kinachong'aa ulichookota kwenu Uluguru, unauliza kama ni dhahabu. Hicho tutakifikia.

Mimi jaribio langu la kwanza nilipata matatu, kwa hiyo umenizidi. Kosa letu ni moja: nilikariri picha. Nilikuwa natazama jiwe, natafuta sura yake kichwani, naandika jina. Aliyenitoa huko ni mzee mmoja wa maabara. Aliniwekea mawe manne meupe mezani akaniambia, "Fumba macho, nyanyua moja moja." Nikanyanyua. La tatu lilikuwa zito mno kwa ukubwa wake, mkono ulishuka wenyewe. Lilikuwa madini ya baraiti, ambayo uzito wake ni kama mara 4.5 ya maji, wakati kwatzi ni 2.65 tu. Jina moja tayari nimelipata, na macho bado nimefumba.

Kwa matatu yaliyobaki akanipa kipande cha chupa nijaribu kukikwaruza. Kwatzi ina ugumu wa 7 kwenye kipimo cha 1 hadi 10 alichotunga mtaalamu wa madini Mohs mwaka 1812, kioo ni kama 5.5, kalsaiti (madini ya mawe ya chokaa) ni 3. Hapo nikaharibu tena. Nilisugua kalsaiti kwenye kioo, nikaona mstari mweupe, nikatangaza kwa sauti kwamba imekwaruza. Mzee akapitisha kidole, mstari ukafutika. Ulikuwa unga wa kalsaiti yenyewe. Tafadhali lishike hili: kila ukikwaruza, futa kwanza, halafu pitisha ukucha uone kama kuna mfereji. Nadhani nusu ya majibu mabovu ya mwaka wa kwanza yanatoka kwenye unga ambao haukufutwa.

Feldispa, madini mengine yanayoweza kuwa meupe, nayo inakwaruza kioo (ugumu 6), kwa hiyo kuitenganisha na kwatzi inabidi uangalie imevunjikaje. Zungusha jiwe kwenye mwanga wa dirisha. Feldispa ina mipasuko miwili, yaani nyuso bapa ambazo jiwe hupenda kuachana, inayokutana karibu kwa pembe mraba, hivyo kuna wakati uso mzima unamulika kwa pamoja kama kioo cha daladala kikipigwa jua, ukizungusha kidogo unazimika. Kwatzi haina mpasuko. Inavunjika kwa mabonde ya mviringo kama kitako cha chupa. Kalsaiti ina mipasuko mitatu iliyolala upande, vipande vyake vinatoka kama kiboksi kilichosukumwa kikainama. Chumvi ya mawe nayo ina mitatu, ila yake imesimama wima, unapata viboksi safi.

Kwatzi hiyo hiyo utaikuta ya zambarau, ya waridi, ya moshi. Korundamu nyekundu watu wanaiita yakuti, ya bluu wanaipa jina jingine na bei nyingine, na ni madini yale yale. Ndiyo maana rangi mimi naiandika mwisho. Rangi ya unga ndiyo inayoaminika zaidi: chukua kigae kilichobaki kwa fundi, geuza mgongo ambao haujapakwa gilasi, burura jiwe. Hematiti, madini ya chuma, inaweza kuwa nyeusi inayometa au nyekundu kama udongo, lakini unga wake siku zote ni wekundu wa kahawia. Ila madini magumu kuliko kigae hayaachi unga, yanakikwaruza kigae chenyewe.

Sasa miamba, ambayo ni habari nyingine. Madini ni kitu kimoja, mwamba mara nyingi ni mkusanyiko. Kwenye kashata, karanga ni madini, kashata yenyewe ni mwamba. Usiulize "hili ni jiwe gani?" Uliza punje zimeshikanaje. Zikiwa zimeng'atana bila gundi kati yake, na hazina mpangilio, fikiria mwamba wa moto, yaani ulioganda kutoka uji wa mawe yaliyoyeyuka. Zikiwa zimebandikwa kwa kitu kingine, au kuna magamba ya konokono, ni mwamba wa mashapo, yaani mchanga na matope yaliyoshikana. Zikiwa zimejipanga kwa mistari kama zimekandamizwa, ni mwamba uliogeuka.

Ukubwa wa punje kwenye miamba ya moto unaeleza ilipoa haraka kiasi gani. Kama umewahi kupita mashamba ya chumvi kule Kunduchi, maji yakikauka taratibu punje zinakuwa kubwa. Uji wa moto ulioganda chini kabisa ya ardhi ulikuwa na muda, ukatupa graniti ya punje za kuonekana kwa macho, kama ile miamba ya Mwanza. Uji wa aina hiyo hiyo ukitoka nje unapoa upesi, punje huzioni, na jina linabadilika kuwa raiolaiti. Jiwe la kusugulia visigino, lile la asili linaloelea kwenye beseni, lilipoa haraka kiasi kwamba ni kioo kilichojaa mapovu.

Halafu jihadhari na majina ya dukani. Kariakoo ukiulizia marumaru utapewa vigae vilivyochomwa kiwandani. Marumaru ya jiolojia ni jiwe la chokaa lililogeuka kwa joto na mgandamizo. Na ile "graniti nyeusi" ya juu ya makabati ya jikoni mara nyingi ni gabro, mwamba ambao kwatzi hauna au unayo kidogo mno. Muuzaji hajakosea, kwake ni jina la biashara. Wewe ukiliandika kwenye pepa utakosa.

Nafanya kazi ya kupima kokoto za ujenzi, kwa hiyo hapa nitajisifu kidogo: darasa bora la bure Dar ni lundo la kokoto. Lile nililolipitia wiki iliyopita waliniambia limetoka Lugoba, na karibu kila kipande kilikuwa na mistari myeupe na myeusi. Hiyo ni naisi, mwamba uliogeuka, siyo graniti, hata kama madini yake ni yale yale. Vipande vyenye tabaka nene la ulanga (madini ya magamba yanayong'aa) nilivitupa pembeni, vinachanika.

Jumamosi nenda Coco Beach maji yakiwa yamekupwa, na siki na kioo cha kukuzia. Okota kipande kilichodondoka, usibomoe genge. Ni jiwe la chokaa la matumbawe ya kale, jamaa yake ndilo linalochimbwa Wazo kwa saruji, na mawe ya namna hiyo ndiyo yaliyojenga nyumba na misikiti ya zamani pale Kunduchi. Dondoshea siki, subiri, utaona vipovu vidogo, dalili ya kalsaiti. Maabara watakupa asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa, inachemka papo hapo. Dolomaiti, jamaa wa kalsaiti, haitachemka vizuri mpaka uikwangue iwe unga. Pugu nako kuna kaolini, udongo mweupe, laini mkononi. Ukitaka kujua kama udongo mgumu una chembe za mchanga laini, wakongwe wanaumega kidogo na kuutafuna kwa meno ya mbele. Sikulazimishi.

Kijiwe chako sasa. Umeandika kwamba kinabanduka kwa ukucha, magamba membamba kama karatasi ya nailoni, na ukilikunja gamba linarudi. Basi ni ulanga, na huko Uluguru ulishachimbwa tangu enzi za Mjerumani. Ule mweusi ukichakaa kwa mvua unageuka rangi ya dhahabu na kudanganya watu wazima. Dhahabu ukiigonga inabonyea na kutandaa, haibanduki, na hata punje ndogo inahisi nzito kwa sababu ni mara 19.3 ya maji. Pairaiti, madini mengine ya rangi ya dhahabu, ingepasuka ikaacha unga mweusi wenye ukijani kwenye kigae.

Kama bado una wasiwasi, piga picha nyingine mchana, siyo kwa tochi ya simu, na uweke sarafu pembeni tuone ukubwa.